Fidelity au Schwab: pesa yako ya Roth IRA inalala wapi?

Haya wadau, karibuni. Mlioko Marekani, hasa nyie mnaopiga shifti za usiku kwenye nyumba za wazee, hii ni yenu. Roth IRA, yaani akaunti ya kuwekeza kwa ajili ya uzeeni ambayo faida yake haikatwi kodi, ni nini hasa, kikomo cha kuweka cha dola 7,000 kwa mwaka 2025, hayo yapo kwenye video iliyopita, sirudii. Leo swali ni moja tu: uifungue kwa kampuni gani ya uwekezaji, Fidelity, Schwab au nyingine?

Na msije kuniambia "hawa hawatozi kamisheni" ya kununua na kuuza hisa. Nani anatoza siku hizi? Schwab waliifuta Oktoba 2019, wenzao wakafuata ndani ya siku chache. Hiyo si sifa tena.

Kinachonichoma mimi ni hiki. Tazameni skrini. Hapa ni Schwab, nimeingiza dola 500, sijanunua kitu. Zimekaa. Riba yake haifiki hata nusu asilimia kwa mwaka. Sasa tuje Fidelity, dola 500 vilevile, sijanunua kitu. Nabonyeza salio... subiri, intaneti... haya. Mnaona hizo herufi, SPAXX? Huo ni mfuko wa soko la fedha, yaani unaokopesha pesa kwa muda mfupi na kukupa riba, ndugu yake Mfuko wa Ukwasi wa UTT kule nyumbani Tanzania. Pesa imeingia humo yenyewe! Riba hupanda na kushuka kufuata benki kuu ya Marekani, lakini haijalala bure. Schwab nao wana wa kwao, SWVXX, ila mpaka uununue kwa mkono wako. Umetoka kazini saa nane usiku, nani atakumbuka?

Utasema ni senti tu. Kwa dola 500, sawa. Ila kuna dada kaniandikia, pesa yake iko kwa kampuni moja tangu mwaka juzi, akijua imeshawekezwa. Kumbe aliweka tu, hakununua hata kipande cha hisa. Dada yangu, kuweka ni hatua ya kwanza, kununua ni ya pili!

Vanguard? Mfuko wao VTI, wenye hisa za karibu kampuni zote za Marekani, ada yake ni asilimia 0.03 tu kwa mwaka, mzuri sana, na unaununua popote. Kwenye akaunti yao, kubali taarifa kwa barua pepe, la sivyo ni dola 25 kila mwaka. Robinhood wanakuongezea asilimia 1 ya unachoweka, 3 ukilipia uanachama wao wa Gold dola 5 kwa mwezi, lakini usipoiacha pesa miaka mitano wanaidai nyongeza yao. Inavutia, nakiri. Vijana, pigeni hesabu.

Fidelity nao si malaika. Mfuko wao wa hisa, FZROX, ada yake ni sifuri, ila huwezi kuhama nao kwenda kwingine, lazima uuze kwanza. Ndani ya Roth kuuza hakuleti kodi, kwa hiyo mimi sijali sana.

Hawajanilipa hata senti, wakitaka kunilipa nipo. Video ijayo ni kuhamisha 401(k), akiba ya uzeeni ya kazini, ukiacha kazi. Na nyie wa Kanada, maoni yenu nimeyaona, TFSA, akaunti yenu ya akiba isiyokatwa kodi, inakuja, msinitukane.