Wiki 8 za mafunzo ya mbio za porini Dar es Salaam: pale ambapo "mguu niponye" haifai

Siku ya kwanza, saa 11:30 alfajiri, mwalimu alipita katikati yetu pale Coco Beach akiwa na kikapu cha ukili, akakusanya vipokea sauti vya masikioni kutoka kwa kila aliyekuja navyo, na akatueleza kwamba tungerudishiwa mwisho wa zoezi lakini Jumamosi, siku ya msituni, tusivilete kabisa. Kijana mmoja alilalamika kwamba bila muziki hawezi kumaliza hata kilomita 5. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba mtu akichoka macho yake hushuka hadi kwenye vidole vya miguu, na porini anayebaki kumlinda ni sikio. Nililielewa jibu hilo wiki ya sita, nikiwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwa nyoka, na ndiyo sababu nimeona inafaa kuyatathmini mafunzo haya kwa kirefu, mazuri yake na mapungufu yake.

Yanatolewa na kikundi kidogo cha wakufunzi wa hapa jijini, kwa ada ya shilingi 240,000 kwa wiki 8, nauli ya basi la kwenda msituni ikiwa ndani yake. Jumanne na Alhamisi tulikimbia kando ya bahari, kutoka Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite na kurudi. Jumamosi tulipelekwa Kisarawe, kwenye msitu wa asili wa Pugu na Kazimzumbwi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Wakufunzi ni wawili: mmoja alikuwa mkimbiaji wa mashindano ya nusu marathoni, na mwingine ni askari wa wanyamapori mstaafu aliyetumikia miaka mingi katika Pori la Akiba la Selous, kabla sehemu yake kubwa haijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Vikundi vya kukimbia viko vingi Dar es Salaam, lakini sijakutana na kingine kinachomweka mwalimu wa pumzi na mwalimu wa wanyama mbele ya wanafunzi walewale.

Upande wa pumzi ulifundishwa vizuri. Kipimo chetu hakikuwa saa ya mkononi bali ulimi: mtu anayekimbia mwendo wa kujenga ustahimilivu awe na uwezo wa kusema sentensi nzima bila kukatika, na akishindwa apunguze. Kwa jiji letu kipimo hiki kina maana zaidi, kwa sababu unyevu wa hewa ya pwani huzuia jasho kukauka, mwili hushindwa kupoa, na moyo hupanda hata kama kasi haijabadilika. Anayefuata saa badala ya mwili wake huishia kukaa kando ya barabara akishika magoti. Tulifundishwa pia kwamba akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli na ini haitoshi safari nzima ya marathoni, hivyo kula njiani si anasa, na kwamba kunywa maji mengi mno bila chumvi kunaweza kudhuru sawa na kiu. Mfano uliorudiwa mara nyingi ni wa Alphonce Simbu huko Tokyo mwaka 2025, aliyekimbia kilomita 42.195 na bado akawa na kitu cha kutoa katika mita za mwisho, akamshinda mpinzani wake kwa tofauti ya sekunde 0.03 na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya riadha ya dunia. Mwalimu alitaka tuelewe kwamba mwenye kubakiza ndiye mwenye uchaguzi.

Kisha akaja yule askari mstaafu na hesabu iliyotunyamazisha wote. Simbu, bingwa wa dunia, alikimbia mbio ile kwa wastani wa kilomita 19.5 kwa saa. Kiboko, mwenye miguu mifupi na tumbo linalokaribia kugusa ardhi, anaweza kufikia kilomita 30 kwa saa akiwa nchi kavu. Simba kwa mbio fupi hukaribia 80. Kwa hiyo mazoezi yote tuliyofanya, hata tungeyafanya maisha yetu yote, hayatampa yeyote kati yetu uwezo wa kumkimbia mnyama hatari. Mbaya zaidi, kwa wanyama wa jamii ya paka, kukimbia kwenyewe ndiko kunakoamsha hamu ya kufukuza: mnyama aliyekuwa akishangaa tu huanza kuwinda pale anapoonyeshwa mgongo. Sisi tumezoea kusimulia kwamba fulani aliona chui akatoka mguu niponye. Mzee alisema kwa utulivu kwamba wengi waliopona kwa namna hiyo walipona kwa sababu mnyama hakuwataka.

Kutoka hapo mafunzo yalikwenda mnyama kwa mnyama, na hii ndiyo sehemu ninayoisifu kuliko zote. Kwa simba, simama, mtazame, jikuze, paza sauti nzito, rudi kinyumenyume polepole bila kugeuka. Kwa chui, usimkazie macho. Chui anayeamini kwamba hajaonekana mara nyingi hujiondokea mwenyewe, hivyo mkimbiaji abadili njia taratibu kana kwamba hakuona kitu. Kwa nyati, tafuta mti na uupande. Kwa kiboko, usisimame kati yake na maji; na hapa mzee alikaa muda mrefu, kwa kuwa kiboko hutoka usiku kula majani na hurejea majini alfajiri, saa zilezile ambazo mkimbiaji mwenye bidii yuko kwenye vijia vya kando ya mto. Kwa tembo, tazama upepo unakoelekea, na mwachie nafasi kubwa kuliko unayodhani inatosha.

Kulikuwa na zoezi moja ambalo watazamaji wa ufukweni hawakulielewa. Tukiwa katikati ya mbio za kasi, mioyo ikidunda hadi masikioni, mwalimu alipiga filimbi. Kila mmoja alipaswa kusimama papo hapo, kuangalia upande wa filimbi, kuinua mikono na kurudi nyuma hatua 20 bila kugeuza shingo wala kuanguka mchangani. Dada mmoja alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Mwalimu alimwambia aifungue na kuitandaza juu ya kichwa kwa mikono miwili, nasi sote tukaona jinsi mtu mwembamba alivyogeuka ghafla kuwa kitu kipana chenye kupepea. Mara ya kwanza karibu nusu yetu tuligeuka na kukimbia, ingawa hapakuwa na chochote mbele yetu ila bahari. Ilichukua wiki tatu mwili kukubali. Homoni ya adrenalini inapomwagika miguu hutaka kwenda, na kuizuia ni kazi ya misuli na pumzi kama kupanda mlima.

Mzee alituonyesha pia video ya mkimbiaji mmoja wa Utah, Marekani, iliyorekodiwa Oktoba 2020, ambaye alimkuta puma (paka mkubwa wa mwituni wa bara la Amerika) jike mwenye watoto. Jamaa yule alirudi kinyumenyume kwa takriban dakika 6 mfululizo, akimtazama mnyama na kumpigia kelele huku mara kwa mara puma akimrukia kwa kumtisha, mpaka alipopata nafasi ya kuokota jiwe na kulirusha, na puma akageuka. Dakika 6 ni ndefu mno. Aliyekwisha kumaliza nguvu zake zote mlimani angekosa sauti ya kupaza na utulivu wa kuweka mguu nyuma bila kujikwaa, na hapo ndipo nilipoona kwa nini masomo haya mawili yamefungwa pamoja.

Sasa nieleze ya nyoka. Ilikuwa kilomita ya 14 katika msitu wa Pugu, kwenye mteremko wenye majani makavu, na mimi nilikuwa mbele ya watu wanne. Sikumwona; nilimsikia. Ulikuwa mlio mzito wa tairi linalotolewa upepo, ukakatika, ukaanza tena. Nilinyanyua ngumi juu, ishara tuliyokubaliana, nikasimama na mguu mmoja bado ukitetemeka. Dada aliyekuwa nyuma yangu alinishika mgongoni kwa kiganja akaniambia, "Kaka, mimi nipo nyuma yako, rudi taratibu." Ndipo macho yalipompata: kifutu mnene, ambaye wengine humwita moma, amelala pembeni mwa njia, michoro yake ya kahawia na manjano imefanana kabisa na majani, na mwili wake ukivimba na kunywea kila alipotoa ule mlio. Kifutu hana haraka ya kukimbia. Hutegemea kutokuonekana, na ndiyo maana hukanyagwa. Tulirudi hatua sita, tukaacha njia na kuzunguka mbali. Ningekuwa na muziki masikioni, mguu wangu wa kushoto ungetua karibu sana naye.

Na hapo pia ndipo mapungufu yalipojitokeza, nami nayasema bila kificho kwa sababu yanahusu uhai. Tulipouliza mfuko wa huduma ya kwanza uko wapi, tuliambiwa uko kwenye basi, kilomita kadhaa nyuma. Simu katika bonde lile hazikuwa na mtandao. Tulikuwa watu 22 kwa wakufunzi wawili, hivyo wa mwisho walikuwa peke yao kabisa. Tulikuwa tumefundishwa darasani kwamba aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza, bali avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, kiungo kitulizwe, na afikishwe hospitali haraka. Lakini hakuna aliyetuambia angefikishwa kwa gari gani. Elimu ilikuwepo, maandalizi hayakuwepo. Tuliandika barua siku ile ile. Kuanzia Jumamosi iliyofuata mfuko ulibebwa mgongoni na mkufunzi wa tatu aliyekimbia mwisho wa msafara, na gari dogo lilisubiri kwenye njia ya karibu zaidi, jambo ambalo lilipaswa kuwepo tangu mwanzo.

Kasoro ya pili ni ya ratiba. Walimu wenyewe walituhimiza tusiongeze umbali wa wiki kwa zaidi ya asilimia 10, kisha wiki ya tano wakatutoa kilomita 14 hadi 19 kwa mkupuo kwa kuwa tarehe ya mbio za kuhitimu ilikuwa imekaribia. Wenzetu wawili walipata maumivu ya mifupa ya miguu na hawakumaliza. Wiki 8 hazitoshi kwa anayeanza kutoka sifuri. Kwa aliyekwisha kuzoea kilomita 10 zinatosha.

Nilitamani pia mbwa wapewe muda zaidi. Walizungumziwa kwa dakika kumi tu, ilhali mkimbiaji wa Dar es Salaam hukutana na mbwa wa mitaani mara nyingi kuliko chui: acha kukimbia, simama kwa ubavu, usimkazie macho, ondoka kwa kutembea. Na aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Kwa anayejiandaa kwa mbio za ndani ya maeneo ya wanyama, kama zile za Lewa nchini Kenya ambazo tangu mwaka 2000 hukimbiwa huku askari wenye silaha na helikopta zikilinda njia, ningemshauri ajiunge. Pale ulinzi upo. Lakini mazoezi ya kila wiki, peke yako, alfajiri, hayana helikopta. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu ana kwa ana: nani anakimbia nyuma kabisa, mfuko wa dawa umebebwa na nani, na gari limesimama wapi. Awamu yetu ilipomalizika waliniambia wanapanga kuongeza ratiba hadi wiki 12 na kupunguza kikundi hadi watu 15. Wakifanya hivyo, nitarudi pamoja na yule dada aliyenishika mgongoni, ambaye tayari amelipa nusu ya ada yake.