Kumwachia mtu paka na nyumba: uzoefu wangu

Nilikuwa na harusi ya mdogo wangu Bukoba, na Kaki si paka wa kupanda basi. Kutoka Dar mpaka kule ni zaidi ya kilomita 1,300. Dume aliyezoea sebule ya Tabata ningemtesa bure. Kituo cha kulaza wanyama nilikwenda kukiona kwa macho yangu. Vizimba visafi, ila paka wamepangwa karibu na mbwa wanaobweka kutwa. Paka ana mapenzi makubwa na nyumba yake. Ukimhamisha anaweza kugoma kula, na akikaa siku mbili tatu bila kula ini lake linaweza kuharibika. Nikaamua kutafuta mtu wa kuja kulala kwangu.

Rafiki aliniunganisha na binti aliyesomea afya ya mifugo. Bei yake shilingi 15,000 kwa usiku, nauli juu yangu.

Alikuja jioni, kabla sijaondoka, wazoeane. Hakumvamia Kaki kumbeba kama wageni wengi wanavyofanya. Alikaa sakafuni, akawa anachezea simu yake, mpaka paka mwenyewe akasogea kumnusa vidole. Kisha akaniomba kanga niliyolalia, isiyofuliwa, akaitandika kwenye kochi ili paka abaki na harufu yangu. Hapo moyo wangu ukatulia.

Nikiwa harusini ukaingia ujumbe: "Shikamoo dada. Kaki anaingia kwenye mchanga wake wa choo kila mara tangu alfajiri. Anachuchumaa, analia, lakini mchanga mkavu kabisa. Nampeleka kwa daktari sasa hivi." Hakungoja nimjibu. Na alifanya sawasawa, kwa sababu paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba mno. Ikiziba, sumu inajaa kwenye damu na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Daktari wa mifugo alimpiga nusu kaputi, akamwekea mpira, mkojo ukatoka na damu na chengachenga. Mimi nimesimama nje ya ukumbi na gauni la sare, narusha hela kwa simu huku mikono inatetemeka.

Mtoto wa jirani anayepita kumwaga chakula na kufunga mlango asingeliona hilo. Angekuta sahani imejaa, akadhani paka ameshiba. Huyu alilala naye nyumba moja na alichungulia mchanga kila asubuhi. Kwangu mimi hicho ndicho cha kulipia.

Kasoro zipo. Mchana anakwenda kwenye kibarua chake duka la dawa za mifugo, harudi mpaka saa tisa, kwa hiyo mwenye kitoto cha paka au paka mgonjwa alijue hilo mapema. Tena hana karatasi ya makubaliano, na suala la nani analipa daktari linahitaji karatasi.

Mimi nilimwachia namba ya daktari mlangoni mwa friji, umeme wa kutosha kwenye LUKU na pesa ya dharura mkononi. Na yeyote mtakayemwachia, mwambieni asithubutu kumpa paka parasetamo, hata kipande. Inaua.

Kwa kazi ile, bei yake naiona ndogo. Ya Desemba nimeshamlipa nusu, maana wiki ya Krismasi watu wote wako stendi ya Mbezi na yeye huwa ameshachukuliwa.