Methionini yenye gamba kwa ng'ombe wa maziwa: inafaa, ila si kwa kila zizi

Methionini ni asidi amino, yaani mojawapo ya vijenzi vya protini. Nimeitumia kwa ng'ombe chotara wa Friesian wanaokula matete, pumba za mahindi na dreshi (masalia ya nafaka) ya kiwanda cha bia, chakula ambacho wafugaji wengi wa Bukavu na Kabare, mashariki mwa Kongo, wanakijua. Ng'ombe aliyezaa karibuni na kufikia lita 20 kwa siku au zaidi, inamfaa. Anayetoa lita 7 kwa majani tu, hela yako ibaki mfukoni. Protini ya bakteria wa tumbo lake la kwanza inamtosha.

Angalia kwanza unachouziwa. Ile poda nyeupe ya methionini ya kuku ni nafuu, lakini kwa ng'ombe bakteria huimaliza karibu yote kabla haijafika utumbo mdogo. Ya ng'ombe huja kama chembe zenye gamba la kuikinga na bakteria hao. Zitie kwenye glasi ya maji kutwa nzima, nzuri hubaki ngumu. Harufu ya kabichi bovu isikutishe, ni salfa iliyomo ndani ya methionini.

Aina ninayotumia ina methionini 75%, na gamba lake huyeyushwa na asidi, ndiyo maana hufunguka kwenye tumbo la nne. Basi hapo ndipo dreshi inapoharibu mambo. Ikikaa siku kadhaa huchacha, na asidi hiyo huanza kula gamba humo humo kwenye pipa. Ukichanganya jioni kwa ajili ya asubuhi, umeitupa. Mimi hupima gramu 15 kwa ng'ombe kwa siku, nachanganya na nusu kilo ya pumba kavu, na namlisha hiyo kwanza mpaka aimalize, dreshi ifuate. Usiisage wala usiipitishe kwenye mashine ya peleti.

Wanaosema haifanyi kazi, mara nyingi kilichowapungukia ni lisini, asidi amino nyingine. Mahindi na dreshi ni maskini wa lisini, na uwiano unaotakiwa ni karibu lisini 3 kwa methionini 1. Kabla ya kununua chochote weka soya iliyokaangwa, kilo 1 hadi 1.5 kwa siku. Iishie rangi ya kahawia hafifu. Ikiungua, lisini hushikana na sukari na ng'ombe haipati tena. Na dozi usiizidishe, methionini nyingi humkata ng'ombe hamu ya kula.

Ndoo haitafurika. Kinachopanda ni protini ya maziwa, tuseme kutoka 3.0% hadi 3.1%, ndani ya wiki moja au mbili. Anayeuza kwa lita mjini haoni faida kubwa hapo. Anayetengeneza jibini ataiona kwenye mizani. Faida nyingine ni ini: methionini husaidia kutoa mafuta yanayorundikana humo wakati wa kuzaa, kwa hiyo ukiweza anza wiki tatu kabla, kwa dozi ndogo kidogo.

Nyota nne. Ya tano naiondoa kwa sababu ya mifuko: ni mikubwa mno kwa mwenye ng'ombe wawili, na wauzaji wanaopima rejareja huiacha wazi kwenye unyevu.