Tahadhari kwa wana-PS wa Dodoma: "gemu ya dijitali" ya elfu 25 ni kiti cha kuazima

Wadau wa gemu za PS (PlayStation, mashine za gemu za kampuni ya Sony) Dodoma, na ndugu zetu wa Singida, Manyoni na Kondoa mnaoagiza kutoka huku mjini, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kwenye status na magrupu ya WhatsApp kuna tangazo la aina moja linalojirudia kwa majina tofauti: FC (gemu ya mpira) mpya ya PS4 au PS5, elfu 25 tu, unapakua mwenyewe, hakuna habari ya CD kukwaruzika. Picha ni ya kasha jipya na muuzaji anajibu haraka. Sasa piga hesabu. Gemu kubwa ya PS5 ikitoka huuzwa takriban dola 70 kwenye duka la PlayStation, yaani zaidi ya shilingi 150,000. Anayekuuzia elfu 25 hajakuuzia wewe peke yako. Wateja kumi ni 250,000, na gemu kanunua moja.

Gemu ya dijitali imefungwa kwenye akaunti iliyoinunua. Haimo kwenye mashine, wala kwenye lile faili la GB 50 lililokula bando lako usiku kucha. Faili bila leseni ni mzigo tu. Sony inaruhusu akaunti moja iwe na PS4 moja kuu na PS5 moja kuu. Kwenye mashine kuu, mtumiaji yeyote anacheza gemu za akaunti ile kwa jina lake mwenyewe, hata intaneti ikiwa imekatika. Mashine nyingine yoyote lazima iingie kwa akaunti yenyewe na iwe hewani ili leseni ikaguliwe. Kwa hiyo viti vya uhakika, yaani nafasi za kuchezea gemu hiyo, ni viwili, kimoja cha PS4 na kimoja cha PS5, na hivyo ni kama gemu yenyewe ina matoleo yote mawili. Kiti cha mashine kuu wauzaji wanakiita "primary", cha mashine nyingine "secondary". Muuzaji akikwepa kukutajia unanunua ipi, jua ni ya pili, au ni ya kwanza iliyokwisha kuuzwa.

Ujanja wa PS4 unakwenda hivi. Muuzaji anaingiza akaunti kwenye mashine yako, anaifanya kuwa kuu, gemu inafunguka, unalipa. Kisha anakuonya: "Usiunganishe intaneti, utaiharibu." Ukishaondoka, anaingia kwenye tovuti ya akaunti na kuzima vifaa vyote kwa mkupuo, halafu kiti kilekile anakiuza kwa mwingine. Mashine yako haina habari mpaka siku utakapoiunganisha. Hapo inauliza, inaambiwa haitambuliki tena kuwa kuu, na kwenye picha ya gemu linatokea kufuli dogo. Kuzima kwa mkupuo kunaruhusiwa mara moja kila baada ya miezi 6, ndiyo maana mtu anaweza kucheza muda mrefu kwa amani, akawasifia watu muuzaji wake, kisha akafungiwa ghafla. Kwa PS5 ni rahisi zaidi kwake: kiti kikuu cha akaunti moja hakikai kwenye PS5 mbili, kwa hiyo akikiwasha kwa mwingine, kwako kinazimika.

Wenye mabanda ya gemu ndio wanaoumia zaidi. Mtu ana PS4 nne, ananunua akaunti moja akiamini amemaliza kazi. Mashine moja tu itakuwa kuu. Nyingine zikiingia kwa akaunti ileile zinatoana hewani, na mechi inakatika mteja akiwa dakika ya 80 na hela yake ameshatoa. Kwa banda, CD moja kwa kila mashine bado ndiyo hesabu inayokubali, na ukichoka na gemu unaiuza.

Kuna uongo wa nusu wanaoupenda sana: kwamba ukiwa Tanzania huwezi kuwa na akaunti yako, lazima ununue yao. Ni kweli Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, huduma ya mtandao ya PlayStation; kwa Afrika iliyo kusini ya Sahara, iliyomo ni nchi ya Afrika Kusini. Lakini karibu kila akaunti inayotumika hapa nchini imefunguliwa kwa nchi nyingine, na yako itafunguliwa hivyohivyo. Cha kuzingatia ni kwamba nchi ukishaichagua haibadiliki, na kadi ya salio (ya kuweka hela kwenye akaunti) lazima iwe ya nchi hiyohiyo. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Ile namba ya kadi ina herufi na tarakimu 12 na hutumika mara moja tu, hivyo iingize mwenyewe mbele ya muuzaji, uone salio limepanda, ndipo ulipe. Picha ya kadi iliyokwanguliwa haina thamani, kwani hujui wangapi wameshatumiwa.

Anayesema anauza akaunti nzima pamoja na barua pepe yake naye ni wa kuogopa. Masharti ya Sony hayaruhusu akaunti kuuzwa. Aliyeifungua anaweza kuirudisha kwa kuonyesha kumbukumbu za manunuzi ya mwanzo, hata kama wewe umebadilisha nywila. Na kama gemu ilinunuliwa kwa kadi ya benki ya wizi, mwenye kadi akidai hela yake irudi, akaunti inafungwa na kila kilichomo kinakwenda nayo.

Kama bado unataka kununua kiti, basi angalau usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Fanya hivi dukani, kabla ya kugusa simu ya malipo. Kwenye PS5 fungua Settings, nenda Users and Accounts, kisha Other, utaona "Console Sharing and Offline Play". Lazima iwe imewashwa kwa akaunti ya muuzaji. Kwenye PS4 ni Settings, Account Management, "Activate as Your Primary PS4". Zima hotspoti, rudi kwenye akaunti yako, fungua gemu. Halafu washa tena intaneti, zima mashine kabisa, iwashe, fungua gemu mara ya pili. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wanayoikataa. Na hata ikifaulu, umethibitisha leo tu. Keshokutwa funguo bado anazo yeye.

Mashine inayotangazwa "imejaa gemu 20" kwa bei ya PS4 tupu ni suala jingine. Hiyo imevunjwa ulinzi. Ukisasisha programu yake gemu hizo hazifunguki, na ukiiingiza hewani inaweza kufungiwa. Angalia toleo la programu kwenye System Information. Kama ni la zamani sana na muuzaji anakusihi usiliguse, umepata jibu.

CD nazo zina matapeli wake, ila tapeli wa CD unaweza kumkamata kwa macho. PS4 na PS5 hazisomi gemu zilizochomwa nyumbani kama tulivyozoea enzi za PS2, kwa hiyo ujanja uliobaki ni kubadilisha kilichomo: kasha la gemu mpya, ndani CD ya mwaka juzi. Soma namba iliyoandikwa kwenye CD yenyewe na ulinganishe na ya ubavuni mwa kasha. Za PS4 huanza na CUSA, za PS5 huanza na PPSA. CD ya PS4 inacheza kwenye PS5 yenye mdomo wa CD. Ya PS5 haichezi kwenye PS4 hata ukiomba dua. Gemu yenyewe haichagui nchi, lakini vipande vya nyongeza vya kupakua lazima vilingane, na alama ya umri kwenye kasha itakuonyesha: CD yenye alama ya PEGI ni ya Ulaya, yenye ESRB ni ya Marekani, na akaunti yako ifuate hiyo.

Igeuze, iinamishe kwenye mwanga. Mikwaruzo myembamba haina neno. Mkwaruzo mzito, hasa unaozunguka kufuata duara, au ufa kwenye tundu la katikati, achana nayo. CD hizi za PS4 na PS5 kwa kweli ni Blu-ray, na kwenye Blu-ray data imelala milimita 0.1 tu chini ya uso, wakati kwenye DVD ni milimita 0.6. Kwa sababu hiyo fundi anayekuambia ataisugua kwa dawa ya meno au kwa mashine ya kung'arishia DVD anaimalizia kabisa. Na kwa vumbi hili letu la kiangazi, CD isiyokaa kwenye kasha haimalizi msimu. Usilipe kabla haijasakinishwa mpaka mwisho. CD mbovu mara nyingi huanza vizuri kisha hukwama katikati.

Kasha pia si uthibitisho kwamba gemu imo. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuja na CD yenye data isiyofika MB 100, nyingine zote unapakua. The Crew, gemu isiyocheza bila seva (mitambo ya mtandaoni ya kampuni), ilizimwa mwezi Machi 2024, na CD zake zikabaki mapambo. Muulize muuzaji: inacheza bila intaneti? Mwambie akuonyeshe.

Anayeuza PS5 aseme pia ni ipi. Digital Edition ya 2020 haina mdomo wa CD na huwezi kuuongeza. Ya mwili mwembamba, iliyoanza mwishoni mwa 2023, inakubali kuongezewa, ila siku ya kuufunga lazima intaneti iwepo ili ujisajili. Kuna wanaouza ya kwanza wakiahidi "mdomo utanunua baadaye".

Malipo: kama muuzaji yuko Dodoma, kutaneni mahali penye umeme na skrini, siyo pembeni ya Nyerere Square na kasha mkononi. Jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lisome, na likitofautiana na la mtu unayeongea naye, katisha. "Hela ya kushikilia mzigo" usitume. "Nimeshapakia kwenye basi" bila jina la basi na namba ya stakabadhi ya mzigo ni maneno matupu.

Ukishapigwa, usifute chochote. Piga picha ya kufuli kwenye skrini, mazungumzo yote na ujumbe wa muamala wenye namba yake, kisha nenda polisi ukachukue RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa udanganyifu wa namna hii. Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa SMS utume 15040. Kama ulikuwa unacheza kwa jina lako mwenyewe, hatua ulizofika kwenye gemu bado ni zako na ukinunua CD ya toleo lilelile utaendelea ulipoishia. Kama ulikuwa unacheza ndani ya akaunti yake, zimekwenda naye. Iondoe akaunti hiyo kwenye mashine, na kama uliwahi kuweka kadi yako ya benki humo, piga simu benki leo hii waifunge.