Wamenisugulia dinari ya Mark Antony mpaka namba ya kikosi imepotea

Hivi nani aliwaambia hawa watu kwamba sarafu ya miaka elfu mbili lazima ing'ae? Duka lipo hapa London, jina naliweka kapuni. Nililipia kwao dinari, sarafu ya Kirumi ya madini ya fedha, ya jemadari wa Roma Mark Antony, zile alizopiga mwaka 32 na 31 K.K. kulipa askari wakati anajiandaa kuzichapa na Octavian, mpinzani wake wa kugombea utawala wa Roma. Upande mmoja merikebu ya vita yenye makasia, upande wa pili tai wa jeshi katikati ya bendera mbili, na pale chini LEG, kifupi cha legio yaani kikosi, na namba ya kikosi. Sasa hiyo namba ndo kila kitu bana. Askari anapokea mshahara, anasoma kikosi chake mkononi, anajua anakula kwa nani.

Kwenye picha yao ilikuwa na ule weusi wa umri na LEG VI inasomeka bila shida. Naenda kuichukua naletewa kitu kinang'aa kama sufuria iliyotoka kupigwa stilwaya! Nikaisogeza kwenye taa, makasia yamebaki vinundu tu, mikwaruzo midogo midogo yote imelalia upande mmoja, na namba sasa, V ipo, halafu kuna kimstari ambacho kinaweza kuwa I au kinaweza kuwa kazi ya brashi yake. V? VI? Kila mtu aokote ya kwake.

Namuuliza kaka mbona mmeisugua, macho yapo kwenye simu, ananijibu "wateja wengi wanapenda safi, na hizi za Antony ziko nyingi". Ziko nyingi! Ndiyo ziko nyingi, na madini ya fedha ndani yake ni pungufu, ndo maana watu hawakuona faida ya kuzificha wala kuziyeyusha, zikaendelea kuzunguka sokoni miaka zaidi ya mia baada ya mwenyewe kujiua kule Misri. Zikasagika kwenye viganja vya watu, na huko kusagika nakuheshimu kabisa. Kusagwa na wewe juzi kati, hapana. Nyota moja.

Ila tusidhulumiane, sarafu ni halisi, uzito uko sawa, bei haikuwa ya wizi, na baada ya kelele wamenirudishia sehemu ya hela. Haya, mbili. Tena kuna dada pale ndani mstaarabu sana, akanitolea ile ya Octavian ya mwaka 28 K.K. yenye mamba na maneno AEGVPTO CAPTA, yaani Misri imetekwa. Jamaa kawamaliza Antony na Cleopatra, malkia wa Misri, halafu anatangaza kwa picha ya mamba, dharau iliyoje! Na hiyo hawajaigusa, weusi wake wote upo. Bei yake tuache tu ndugu zangu. Hapo nilikuwa nshafika nyota tatu kabisa, mpaka nikamsikia yule kaka nyuma yetu anamwambia dada, "hiyo nayo niachie nikaisafishe kidogo".

Moja. Na hiyo moja ni ya dada.