Nimejaribu lile darasa la kushona shuka la viraka, haya ndo maoni yangu

Jamani nimeenda kwa mama mmoja hapa Dar anayefundisha nyumbani kwake kila Jumamosi, sijawahi kushona chochote zaidi ya kifungo. Unakuja na vitambaa vyako vya nyumbani, mi nilibeba kanga mbili za zamani, foronya, jinzi ya mume wangu iliyopasuka magoti na pazia la sebuleni lililopauka.

Anajua kazi yake huyo mama. Kabla ya mkasi alitufulisha kila kitu, kanga yangu nyekundu ikachuja beseni zima likawa kama juisi ya rozela, fikiria ingechujia foronya nyeupe ikiwa imeshashonwa! Pazia lilikuwa poliesta, pasi ya moto ikalikunja kona kama plastiki, akaniambia niliache, pamba ikae na pamba. Jinzi ndo ilinitesa, nimevunja sindano mbili mpaka akaniwekea sindano nene ya namba 16, na bado pale jinzi ilipokutana na kanga mshono ulivutika. Kwa mtu wa mara ya kwanza bora uiache tu.

Kero sasa, cherehani tatu watu nane, unasubiri foleni mpaka usingizi, na blanketi la kuweka katikati ya kitambaa cha juu na cha chini unalipia pembeni, hilo hakulisema mwanzo.

Vipande vyangu vya inchi 6 havijakutana kona hata kimoja lol, ila shuka lenyewe mwanangu analilalia kila siku. Nawapa nyota nne.