Ziara ya masiro ya Kasubi: nenda, lakini usikubali dakika 30

Ziara nyingi za kuzungushwa Kampala kwa nusu siku huibana Kasubi, penye masiro, yaani makaburi ya wafalme wa Buganda, kati ya msikiti wa Old Kampala na soko la vinyago: dakika 30, picha, kisha garini. Kwa muda huo utaona msonge mkubwa ulioezekwa kwa nyasi na picha za makabaka (wafalme) wanne waliozikwa hapo. Namna Buganda ilivyotawaliwa kabla ya Mwingereza kufika hutaelezwa, ingawa imejengwa mbele ya macho yako. Tenga saa mbili, uende mwenyewe.

Teksi za barabara ya Hoima hupita Kasubi, kama kilomita 5 kutoka katikati ya jiji. Shuka sokoni, upande kilima kwa miguu au kwa bodaboda. Kabla hujalipa langoni, uliza kama mwongozaji yumo kwenye ada. Mwanamke aliyevaa suruali hufungwa leso, kwa hiyo afadhali aje na yake. Kwenye nyumba kuu viatu huvuliwa mlangoni, wanawake hukaa wamekunja miguu upande, na ndani hupigi picha. Piga simu kwanza pia: nyumba ikiwa na shughuli ya kimila au ya ukarabati, unaweza kuishia uani.

Mwongozaji anayejua kazi yake hakukimbizi kwenye msonge. Huanzia Bujjabukula, nyumba ya lango, akakuonyesha Ndoga-Obukaba, nyumba ya ngoma za kifalme, kisha ua na nyumba za wajane wa Kabaka. Mpangilio huo una sababu. Kasubi ilikuwa kasri kwanza: Kabaka Muteesa I alijenga hapa mwaka 1882, akazikwa hapa mwaka 1884. Mahali hapa pana Nalinya, dada wa kifalme mwenye dhamana ya masiro, na Katikkiro (waziri mkuu) wake, kana kwamba mwenye nyumba yumo ndani.

Ukishaingia Muzibu-Azaala-Mpanga, ndiyo nyumba kuu, inua macho. Paa limeshikwa na pete 52 za fito, na kila pete ni ukoo mmoja wa Buganda. Hapa ndipo pa kumbana mwongozaji kwa maswali, maana wengi hutaja idadi wakasonga mbele. Mwulize ukoo wa Kabaka ni upi. Jibu sahihi ni kwamba mtoto wa Kabaka huchukua ukoo wa mama yake, kwa hiyo hakuna ukoo uliomiliki kiti, na ukoo wowote ungeweza kumzaa mfalme ajaye kupitia binti yake. Hilo liliuunganisha ufalme kuliko mikuki. Kazi za nyumba hii nazo zimegawanywa kwa koo: Ngeye huezeka, Ngo hupamba, na nguo ya gome la mutuba, yaani lubugo, ni fani ya Ngonge.

Swali la pili ni la masaza, yaani majimbo ya Buganda. Kabaka alikuwa Ssaabataka, mkuu wa wakuu wa koo, lakini nguvu yake ilikua alipowateua wakuu wa masaza aliowataka na kuwafukuza alipowachoka. Mwongozaji akikuambia kila cheo kilikuwa mkononi mwa Kabaka, mtajie Mugema, mkuu wa Busiro. Cheo hicho ni cha urithi ndani ya ukoo wa Nkima, na Busiro ndiyo nchi yenye masiro mengi ya zamani, hata Mugema akahesabiwa kuwa katikkiro wa wafalme waliotangulia. Asiyeweza kukueleza hilo amekariri majina tu.

Pazia la lubugo lililo mbele yako linaficha Kibira, msitu. Kwa mila Kabaka hafi: huingia msituni, na watu husema moto wa Buganda umezimika. Usiombe kuchungulia. Uliza habari ya taya. Zamani taya la mfalme lilitolewa, likatunzwa katika nyumba yake pamoja na kitovu chake, na hapo mganga akanena kwa niaba yake. Muteesa I ndiye wa kwanza kuzikwa na taya lake. Msomaji wa Kiswahili asikose kisa kilichotangulia: tangu 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alimsimulia Kabaka Suuna II habari za Mungu mmoja, na Muteesa, mwanawe, akajifunza Kiswahili na maandishi ya Kiarabu, akafunga Ramadhani. Waanglikana walifika 1877, Wakatoliki 1879. Waliofuata dini hizo wote waliitwa abasomi, wasomaji. Kwa Kabaka, dini mpya zilikuwa pia ngao dhidi ya makuhani wa balubaale, miungu ya jadi, kama Mukasa wa ziwani na Kibuuka wa vita, waliokuwa na sauti ambayo yeye hakuiteua.

Kosa la kawaida la waongozaji ni kuanza habari ya mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mwana wa Muteesa, kwa tarehe 3 Juni 1886. Miaka kumi kabla, chini ya Muteesa mwenyewe, Waislamu waliokataa nyama iliyochinjwa kasri walikuwa wameuawa Namugongo. Bila hao, huelewi kwa nini mwaka 1888 wasomaji wa dini zote waliungana kumpindua Mwanga, kisha wakageukiana. Mwanga huyo alifia Shelisheli mwaka 1903, akarudishwa na kuzikwa hapa 1910.

Jengo lenyewe liliteketea tarehe 16 Machi 2010, na UNESCO iliitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Unachokiona basi ni ujenzi mpya kwa ufundi wa zamani. Usilalamikie nguzo za zege: ziliingia tangu ukarabati wa 1938, na hufunikwa kwa lubugo.

Ukibaki na nusu siku, endelea na barabara hiyo hiyo ya Hoima hadi Wamala, upande wa Nansana, alikozikwa Suuna II. Yuko peke yake, kama ilivyokuwa desturi kabla Kasubi haijakusanya makabaka wanne chini ya paa moja.